Jinsi ya kuchagua, kutayarisha na kupika turboti mzima

Turboti ni samaki bapa wa maji ya baridi na ya wastani, jamaa wa mbali wa wayo na gayagaya, ambaye huishi amelala ubavu mmoja juu ya mchanga au changarawe huku macho yake yote mawili yakitazama juu. Jina lake la kisayansi ni Scophthalmus maximus. Makazi yake ya asili ni kaskazini-mashariki mwa Atlantiki, Bahari ya Baltiki, Mediterania na Bahari Nyeusi, na mara nyingi huvuliwa katika kina cha mita 20 hadi 70, mahali anapovizia samaki wadogo wanaopita karibu na mchanga. Anaweza kufikia urefu wa mita 1 na uzito wa kilo 25, ingawa wengi wanaofika jikoni huwa na kilo 1 hadi 4.

Kabla ya kushika kisu ni muhimu kuelewa kwa nini mwongozo huu unamhusu samaki mzima na si minofu iliyokwisha kukatwa. Thamani ya turboti haimo katika mnofu peke yake. Chini ya ngozi yake, kandokando ya mapezi yake marefu na kuuzunguka uti wa mgongo kuna tishu zenye kolajeni nyingi ambayo, ikipata joto la wastani, huyeyuka na kuwa jelatini, yaani ule utomvu mzito unaonata midomoni na kuufanya mnofu mweupe ubaki na majimaji yake. Anayenunua vipande visivyo na ngozi wala mfupa atapata kitoweo kizuri, lakini sehemu inayomtofautisha turboti na samaki wengine weupe atakuwa ameiacha kwa muuzaji. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini inalenga jambo hilo moja: kuilinda jelatini hiyo hadi ifike mezani.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba uliyeuziwa ni turboti

Hatua hii nimeipa nafasi kubwa kwa sababu jina la turboti hutumiwa kwa samaki zaidi ya mmoja, na kosa likifanyika hapa hakuna ufundi wa jikoni utakaolirekebisha.

Tazama kwanza umbo. Turboti ana umbo la msambamba wenye pembe zilizoviringika, karibu na duara, na upana wake unakaribia urefu wa mwili. Kisha tazama macho yako upande gani. Mlaze samaki upande wenye macho ukiwa juu, na ukingo wenye tumbo ukiwa umekuelekea. Kwa turboti kichwa kitakuwa mkono wako wa kushoto, kwa kuwa macho yake yako ubavu wa kushoto. Hakuzaliwa hivyo. Lava wa turboti huogelea wima kama samaki mwingine yeyote, jicho moja kila upande, lakini anapokua jicho la kulia huhama taratibu, hupita juu ya kichwa na kutua kando ya lile la kushoto, ndipo naye hushuka kuishi chini ya bahari. Ubavu wa juu hupata rangi ya kahawia au kijivu yenye madoadoa, rangi anayoweza kuibadilisha ifanane na mchanga alipo, na ubavu wa chini hubaki mweupe.

Baada ya macho, tumia vidole. Pitisha kiganja juu ya ubavu wenye rangi: turboti hana magamba, bali ana vinundu vya mfupa vilivyotawanyika juu ya ngozi, vigumu kama punje za kokoto. Turboti wa Bahari Nyeusi huwa na vinundu vikubwa zaidi, na mara nyingi pande zote mbili. Kwa Kituruki huitwa kalkan, neno lenye maana ya ngao. Kipimo hiki cha kiganja ndicho kinachomtenga na brili, ndugu yake wa karibu anayevuliwa katika maji yaleyale. Brili ana umbo la yai, ngozi yake ni laini na ina magamba madogo, na nyuzi za mwanzo za pezi lake la mgongoni zimechanua kama shada juu ya kichwa. Brili ni samaki mtamu na anaweza kupikwa kwa njia nyingi zilizoelezwa hapa, lakini ni mwembamba zaidi, jelatini yake ni kidogo, na hastahili kulipiwa kama turboti. Kwa kuwa spishi hizi mbili huweza kuzaliana, mara chache hukutana na samaki mwenye dalili za pande zote mbili.

Mkanganyiko mkubwa zaidi unatoka Amerika Kaskazini, ambako jina la turboti limezoeleka kwa samaki mwingine kabisa, halibuti wa Greenland, anayeitwa kisayansi Reinhardtius hippoglossoides. Ndiye aliyekuwa kiini cha mgogoro wa mwaka 1995 kati ya Canada na Uhispania, pale walinzi wa Canada walipoikamata meli ya uvuvi ya Kihispania iitwayo Estai tarehe 9 Machi, nje ya mpaka wa maili 200 za bahari. Magazeti yaliuita mgogoro huo vita vya turboti, ingawa turboti halisi hakuhusika. Halibuti wa Greenland ni mrefu, macho yake yako ubavu wa kulia, pande zake zote mbili zina rangi nyeusi, na mnofu wake ni laini wenye mafuta mengi. Akiwa mzima hawezi kumdanganya mtu aliyewahi kumwona turboti. Akiwa amekatwa minofu na kugandishwa, anaweza kumdanganya karibu kila mtu, kwa hiyo soma jina la kisayansi kwenye kifungashio.

Hatua ya pili: pima ubichi na hali ya mnofu

Macho ya turboti ni madogo, na kwa sababu hiyo hayasaidii sana kama yanavyosaidia kwa samaki wengine. Anza na ute. Samaki mbichi amefunikwa na ute mwingi, mwangavu, usio na rangi. Ukigeuka kuwa wa maziwa, wa manjano au wa kukauka kama gundi, siku zimepita. Fungua kifuniko cha matamvua uone kama ni mekundu yaliyokolea, na uyanuse: harufu inayotakiwa ni ya maji ya bahari, si shombo kali, na kamwe si harufu ya amonia. Mgeuze uone upande mweupe. Unapaswa kuwa mweupe kama maziwa. Mabaka mekundu ya damu iliyovilia ni dalili kwamba alibanwa au kupigwa wavuni, na mnofu ulio chini yake huwa umeharibika.

Kisha bonyeza kwa kidole gumba sehemu iliyo nyuma ya kichwa, pembeni mwa uti wa mgongo. Pale ndipo mnofu unapokuwa mnene kuliko mahali popote, na ndipo siri ya majira inapofichuka. Turboti hutaga mayai kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi cha kaskazini, jike mmoja akitoa mamilioni ya mayai, na aliyetoka kutaga huwa amekonda: sehemu hiyo hubonyea, na mnofu wake ukipikwa hutoa maji mengi. Mchague aliyejaa hapo hata kama ni mdogo kuliko mwenzake. Katika maji ya Bahari Nyeusi yaliyo chini ya Umoja wa Ulaya, uvuvi wa turboti umekuwa ukifungwa kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Juni, na samaki wa chini ya sentimita 45 hawaruhusiwi kuvuliwa. Ningependa kila mnunuzi aitazame kanuni hiyo kama yake mwenyewe, kwa sababu jike hukawia kukomaa kuliko dume, na jike aliyevuliwa kabla ya kutaga hata mara moja hajaacha mrithi.

Wa kufugwa naye ni turboti halisi, wa spishi hiyohiyo. Ufugaji wake ulianza Scotland miaka ya 1970, ukaenea Ufaransa na Uhispania, hasa Galicia, na mwaka 1992 samaki huyu akapelekwa China, ambayo sasa ndiyo mfugaji mkubwa kuliko wote. Turboti wa kufugwa hupatikana mwaka mzima, ukubwa wake hautofautiani sana, huwa na mafuta zaidi kidogo, na wakati mwingine ana mabaka meusi kwenye upande uliotakiwa kuwa mweupe, jambo lisilo na madhara yoyote kwa mlaji. Mnofu wa yule wa baharini ni imara zaidi na ladha yake ina kina zaidi. Hata hivyo, kati ya wa kufugwa aliyetoka majini jana na wa baharini aliyelala kwenye barafu kwa muda usiojulikana, ningemchukua wa kufugwa bila kusita.

Hatua ya tatu: kadiria uzito

Kichwa, matumbo na mifupa ya turboti vina uzito mkubwa, kiasi kwamba minofu isiyo na ngozi huwa takriban theluthi moja tu ya samaki mzima. Kwa hiyo hesabu gramu 400 hadi 500 za samaki mzima kwa kila mlaji. Samaki wa kilo 1.5 anawatosha watu watatu, na wa kilo 2 anawatosha wanne. Kabla ya kununua pima pia sinia lako na tanuri lako, kwani samaki wa kilo 3 ana upana ambao tanuri nyingi za nyumbani haziumudu. Ikiwa watu ni wengi, heri samaki wawili wa wastani.

Hatua ya nne: mhifadhi, na umpe muda

Mweke juu ya barafu iliyopondwa, ndani ya chombo chenye matundu chini ili maji yanayoyeyuka yatoke, kisha mfunike na umweke sehemu ya baridi zaidi ya jokofu, ambapo joto ni kati ya nyuzi 0 na 2 za Selsiasi. Asilale ndani ya maji, kwa sababu maji hufifisha ladha na kuharakisha kuoza.

Usiwe na haraka ya kumpika aliyetoka baharini saa chache zilizopita. Mnofu wa turboti ni imara sana, na akipikwa akiwa bado amekakamaa baada ya kufa huwa mgumu na ngozi hujikunja na kupasuka. Siku moja au mbili kwenye barafu humlainisha na kuikuza ladha yake. Ushauri huu unamhusu samaki ambaye unajua siku aliyovuliwa. Usiyemjua asili yake mpike siku hiyohiyo. Kwa wanaokusudia kumla mbichi, kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka samaki wa baharini agandishwe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, hadi katikati ya mnofu, kwa saa 24 au zaidi, ili kuua minyoo. Friza dhaifu isiyofikia baridi hiyo haifai kwa kazi hii.

Hatua ya tano: msafishe

Mara nyingi turboti huuzwa akiwa ametumbuliwa tayari. Ikiwa bado, mlaze upande mweupe ukiwa juu na utafute kwa kidole sehemu laini iliyo nyuma ya kifuniko cha matamvua. Tumbo la samaki huyu ni dogo na liko hapo karibu na kichwa, si kwa urefu wote wa mwili. Kata mkato wa nusu duara, ingiza vidole viwili na utoe matumbo yote, ukichunga usipasue nyongo. Mayai ukiyakuta yatenge, kwani yanalika yakikaangwa polepole kwa siagi. Kata matamvua yote kwa mkasi. Yakiachwa huleta uchungu.

Sasa shughulikia damu. Ndani ya tumbo, kuuelekea uti wa mgongo, kuna mstari wa damu nyeusi ambao watu wengi huuacha. Ukwangue kwa ncha ya kijiko chini ya maji baridi yanayotiririka hadi mfupa uonekane mweupe, kwa sababu damu hiyo ndiyo inayoharibu rangi na ladha ya utomvu unaokusanyika chini ya samaki anapookwa. Kuhusu ngozi, hakuna magamba ya kupaa. Sugua pande zote kwa chumvi ya mawe na brashi ili ute utoke, suuza haraka, kisha mkaushe kwa kitambaa safi hadi asibaki na unyevu. Vinundu vya mfupa viache. Baada ya kuiva vitatoka pamoja na ngozi.

Mapezi ya pembeni usiyakate ikiwa samaki atachomwa au kuokwa. Chini ya nyuzi zake kuna ukanda wa mnofu mwembamba ulioshikwa na jelatini nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na wanaomjua turboti huugombania. Punguza ncha tu kwa mkasi zisiungue.

Hatua ya sita: chagua njia ya moto

Ikiwa hujawahi kumpika samaki huyu, anza na tanuri, kwa kuwa ndiyo njia inayosamehe makosa. Mtoe samaki kwenye jokofu dakika 30 kabla, na uwashe tanuri mapema hadi nyuzi 200. Paka sinia mafuta ya zeituni, nyunyiza chumvi, na mlaze samaki upande mweupe ukiwa chini. Upande wa juu ndio wenye minofu minene, na ngozi yake nzito yenye vinundu huukinga usikauke. Mpake mafuta na chumvi juu na ndani ya tumbo. Usimfunike kwa karatasi ya alumini, kwani mvuke utaichemsha ngozi badala ya kuioka. Samaki wa kilo 1.5 huchukua takriban dakika 25 hadi 30, wa kilo 2 dakika 30 hadi 40, lakini dakika hizi ni makadirio tu, maana unene hubadilisha kila kitu. Anza kumpima baada ya dakika 20.

Akiiva, utaona sinia limekusanya majimaji yenye utomvu. Usiyamwage. Yamiminie kwenye sufuria ndogo, ongeza kijiko kimoja cha siki na vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, kisha zungushazungusha sufuria juu ya moto mdogo bila kukoroga kwa nguvu. Jelatini iliyotoka kwa samaki itashika mafuta na majimaji pamoja, na katika dakika mbili au tatu utapata mchuzi mzito, mweupe, bila unga wala krimu. Kama mchuzi unakataa kushikana, moto ni mkali mno au mafuta yamezidi. Ondoa sufuria motoni, tia kijiko cha maji ya baridi, na uanze tena kuzungusha.

Njia ya makaa ndiyo iliyoupa sifa mji wa Getaria, kwenye pwani ya Wabaski kaskazini mwa Uhispania, ambako turboti mzima hubanwa ndani ya kitanda cha waya chenye mshikio na kuchomwa juu ya makaa akiwa na ngozi, mapezi na kichwa chake. Utahitaji kitanda hicho cha waya, kwa sababu bila chombo hicho samaki mwenye upana kama huu hawezi kugeuzwa bila kuvunjika. Subiri moto uwe makaa yaliyofunikwa na majivu mepesi, pasipo na mwali hata mmoja. Paka mafuta waya na samaki, tia chumvi, anza na upande mweusi kwa dakika 10 hadi 12, geuza, na umalizie upande mweupe kwa dakika 8 hadi 10 ikiwa ana kilo 1.5. Changanya ndani ya chupa mafuta ya zeituni, siki na chumvi kidogo, utikise vizuri, na kila baada ya dakika chache mrashie samaki mchanganyiko huo. Siki hukata uzito wa jelatini, na mafuta huzuia ngozi isishike kwenye waya. Matone yakiwasha mwali, inua waya mara moja, kwani masizi ya mafuta hufunika ladha yote.

Kuchemsha polepole ni njia ya zamani ya wapishi wa Ufaransa, ambao walimtengenezea samaki huyu sufuria yake pekee, yenye umbo la msambamba kama yeye, iitwayo turbotière. Chombo chochote kipana chenye wavu wa kuinulia kinafaa. Chana samaki kwa kisu kwenye upande mweusi, kando ya uti wa mgongo, ili mnofu ukivimba upande mweupe usipasuke. Mlaze upande mweupe ukiwa juu, mmiminie maji baridi yaliyochanganywa na maziwa kidogo, chumvi na vipande vya limau, kisha pandisha joto taratibu. Maji yakifika karibu nyuzi 80, yakawa yanatetema tu bila kutokota, yashikilie hapo kwa dakika 20 hivi kwa samaki wa kilo 1.5. Maji yakitokota, mnofu huchanika na jelatini yote huishia kwenye sufuria.

Ikiwa huna chombo cha kumtosha samaki mzima, mkate vipande vyenye mfupa. Ondoa kichwa, weka kisu kizito juu ya mstari wa uti wa mgongo, mpasue nusu mbili kwa urefu, kisha kata kila nusu kwa upana katika vipande vya gramu 250 hivi. Kila kipande kibaki na ngozi pande zote mbili na mfupa katikati. Vikaange kwanza kwa siagi na mafuta upande wenye ngozi nyeusi kwa dakika 3, kisha viingize katika tanuri la nyuzi 200 kwa dakika 8 hadi 12. Kwa nyumba nyingi hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu inahifadhi karibu kila kilicho kizuri bila kudai vyombo vya pekee.

Minofu isiyo na mfupa hupatikana kwa kukata juu ya uti wa mgongo hadi kwenye mfupa, kisha kupitisha kisu chembamba kinachopinda kati ya mnofu na mifupa kwa mikato mirefu, kwenda nje hadi kwenye mapezi. Utapata minofu minne: miwili minene ya upande mweusi na miwili myembamba ya upande mweupe. Kwa kuwa unene wake haulingani, usiipike kwa muda mmoja.

Hatua ya saba: jua ameiva lini

Kosa linalowapata wengi ni kumpika kupita kiasi. Kolajeni ya samaki huyeyuka kwa joto la chini sana kuliko ile ya nyama ya ng'ombe, kwa hiyo hakuna haja ya muda mrefu motoni. Choma kipimajoto kwenye sehemu nene nyuma ya kichwa, kikaribie mfupa bila kuugusa. Wapishi wengi humtoa akifika nyuzi 52 hadi 55, kwa kuwa joto huendelea kupanda akiwa amepumzika. Ukiwapikia wajawazito, watoto wadogo, wazee au wagonjwa, mfikishe nyuzi 63. Mnofu imara wa turboti unavumilia joto hilo vizuri kuliko wa samaki wengine wengi.

Asiye na kipimajoto atumie kijiti chembamba cha mshikaki. Kisukume hadi kwenye mfupa: samaki aliyeiva hukipokea bila ukinzani, na ukiinua mnofu kidogo kwa ncha ya kisu unabanduka kwenye mfupa kwa mafungu mapana, yanayong'aa, huku ukiona bado dalili ndogo ya waridi penye mfupa. Mnofu ukiwa umeshikamana na mfupa, mrudishe kwa dakika 3. Ukiwa umeanza kuachana wenyewe na kutoa povu jeupe, mtoe upesi.

Mwache apumzike dakika 5 hadi 8 kabla ya kumgusa. Ni muda mchache, lakini ndio unaoiwezesha jelatini kuwa nzito na kubaki ndani ya mnofu badala ya kumwagika sahanini.

Hatua ya nane: mgawe mezani

Chana ngozi kwa ncha ya kisu kufuata uti wa mgongo, kuanzia kichwani hadi mkiani, kisha pembeni penye mpaka wa mapezi. Bandua ngozi nyeusi. Ina vinundu, kwa hiyo mtahadharishe anayetaka kuila, lakini ule ute mnene uliobaki upande wake wa ndani ukwangue na uuweke sahanini. Ingiza mwiko mpana chini ya kila mnofu wa juu na uuinue mzima. Shika mkia, nyanyua uti wote wa mgongo pamoja na mifupa yake, na minofu miwili ya chini itabaki imelala juu ya ngozi nyeupe, ambayo ni laini na inalika.

Ladha hutofautiana mahali na mahali, na ni haki kila mlaji aonje zaidi ya pamoja. Mnofu wa karibu na kichwa ni mnene na imara. Wa karibu na mkia umekauka kidogo na una ladha ya chumvi zaidi. Ukanda wa mapezi huliwa kwa kufyonza katikati ya nyuzi. Usisahau mashavu, vipande viwili vidogo vya mviringo nyuma ya mdomo, wala mfupa wa shingo. Kama viungo, chumvi, limau na mchuzi ulioutengeneza kwenye sinia vinatosha, kwani viungo vikali vitaimeza ladha uliyoilinda kwa kazi yote hii.

Hatua ya tisa: mifupa iwe supu

Mifupa ya turboti hutoa mojawapo ya supu bora za samaki. Ile iliyobaki baada ya kutoa minofu mibichi ndiyo inayofaa zaidi. Kata vipande, ongeza kichwa kisicho na matamvua, na uloweke vyote katika maji baridi yenye barafu kwa nusu saa ili damu itoke. Mwaga maji hayo. Kaanga kitunguu na bua la seleri kwa siagi bila kuvibadilisha rangi, tia mifupa, ifunike kwa maji baridi, na uchemshe kwa moto mdogo dakika 20 hadi 30 ukienguaengua povu. Usizidishe muda, kwa sababu mifupa ya samaki ikikaa motoni kwa saa nyingi hutoa uchungu na kuichafua supu. Chuja bila kukamua.

Iache supu ipoe na uiweke kwenye jokofu. Asubuhi itakuwa imeganda na kutikisika kama jeli. Itumie ndani ya siku 2, au igandishe katika vikombe vidogo kwa miezi isiyozidi 3. Samaki aliyepikwa na kubaki naye aliwe ndani ya siku 2, akiwa baridi au akipashwa polepole ndani ya supu hiyohiyo.